Kona Aliyoizunguka Domitila

Kwa miaka sita honi ya teksi ya Domitila Cajina haikusikika katika kona alipouzia chakula Azucena. Kabla ya hapo ilisikika kila siku ya kazi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, milio miwili mifupi, na Azucena alikuwa akianza kumimina kahawa hata kabla hajainua kichwa. Halafu asubuhi moja ya mwezi wa Novemba haikulia. Wiki ya kwanza Azucena alidhani gari limeharibika. Wiki ya pili akawauliza madereva wengine, wakamwambia Domitila ni mzima, jana tu walikuwa naye kwenye foleni ya mafuta. Basi akaanza kujichunguza mwenyewe. Labda maharage yalikuwa yameanza kuchacha siku ile. Labda alimjibu vibaya bila kujua, maana alikuwa kwenye msiba. Aliendelea kuwauliza watu kwa muda wa mwaka mzima, kwa sauti ya mtu anayeulizia mvua, kisha akaacha.

Azucena hakuwa amekosa lolote. Domitila alilijua hilo, na alikuwa peke yake kulijua.

Nilimfahamu Domitila kwa sababu alinipeleka shuleni ninakofundisha, asubuhi tatu kwa wiki, kwa miaka mingi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mikono mizuri, anayeendesha akiwa ameegemea mbele kidogo kana kwamba anasikiliza injini inasema nini. Alizaliwa katika mji wetu wa zamani wa Managua, ule ulioanguka kwa tetemeko la mwaka wa sabini na mbili, siku mbili kabla ya Krismasi. Wakati huo alikuwa na miaka tisa. Baba yake alikuwa mbeba barafu katika kiwanda kilichoitwa La Nevada. Alirudi nyumbani na gunia begani, gunia lililolowa hata wakati wa kiangazi, na watoto waligombania kuegemeza mashavu yao hapo. Kiwanda kilianguka pamoja na mji. Baba alitoka hai, lakini hakushika barafu tena maisha yake yote. Miaka michache baadaye mtu mwingine alilinunua jina lile, akalipaka kwenye ukuta wa jengo jipya upande wa soko la Huembes, akatengeneza barafu hapo karibu miaka ishirini, naye akafunga.

Kwa hiyo Managua kuna mahali pawili panapoitwa palipokuwa na La Nevada, na pote pawili hakuna kitu.

Hilo kwetu si ajabu. Nyumba zetu hazina namba. Mtu anakuelekeza kutoka palipokuwa na kitu fulani, kona mbili kuelekea ziwani, nusu kona chini, yaani upande linakozama jua, mlango wa rangi fulani. Kitu chenyewe pengine kiliondoka kabla hujazaliwa, lakini wewe unajua kilipokuwa, kwa kuwa mama yako alijua. Dereva mwenye busara, akisikia jina lenye mahali pawili, anauliza ni ipi. Domitila hakuuliza kamwe. Kwake La Nevada ilikuwa moja.

Ijumaa moja ya mwezi wa Oktoba alimchukua bibi mmoja kwenye kituo cha mabasi ya kaskazini. Bibi aliketi mbele, begi kwenye mapaja, na juu ya begi sweta iliyokunjwa vizuri. Nyuma walikuwapo abiria watatu wasiojuana, kama ilivyo kawaida ya teksi zetu. Bibi alitaja maelekezo yake kama mtu anayesoma sala aliyofundishwa: kutoka palipokuwa na La Nevada, kona mbili kuelekea ziwani, nusu kona chini, mlango wa kijani.

"Ile ya karibu na Huembes," akaongeza. "Binti yangu alinisisitizia."

"Bibi, ile ya Huembes haikuwa kiwanda," Domitila akamwambia. "Lilikuwa ghala la kuuzia barafu. La Nevada ni moja tu, na baba yangu kafanya kazi pale."

"Alisema Huembes, mwanangu."

"Binti yako kazaliwa mwaka gani?"

Wale wa nyuma wakacheka. Bibi naye akacheka, kwa adabu ya mgeni, na hakusema tena.

Walipofika, huko mji wa zamani, palikuwa na viwanja vitupu, majani marefu, mabaki ya jengo moja la ghorofa, na nyumba nne au tano zilizojengwa kwa mabati. Mojawapo ilikuwa na geti. Rangi yake ilikuwa kati ya bluu na kijani, ya mtu aliyechanganya mabaki ya makopo mawili. Domitila alilitazama geti lile, akashuku kuwa si lenyewe. Aliniambia hivyo baadaye, na akarudia ili nisije nikadhani hakushuku. Lakini mwanamume mmoja nyuma alikuwa anagonga saa yake kwa kidole, na mawingu yalikuwa yameshashuka. Akateremka, akambebea bibi begi mpaka getini, akamwambia, "Ndiyo hapa, bibi." Akaondoka. Kwenye kioo alimwona bibi amesimama akiliangalia lile geti bila kuinua mkono kubisha.

Mvua ilinyesha siku mbili.

Kibanda cha Azucena kilikuwa kimefungwa sehemu kubwa ya mwezi ule. Domitila alidhani ameenda kwao milimani, huko upande wa Matagalpa. Kilipofunguliwa, Domitila alipiga honi zake mbili kama kawaida, akaletewa kahawa na sahani ya wali wa maharage na kipande cha jibini, na Azucena alikuwa amevaa nyeusi. Akamsimulia akiwa amesimama, mkono kwenye dirisha la gari. Mama yake alikuwa aje Jumamosi, angempokea kituoni. Lakini alipata mtu wa kufuatana naye basini, akaja Ijumaa bila kumwarifu, pengine alitaka kumshtukiza. Walimkuta Jumapili katika mji wa zamani, chini ya ngazi za jengo lililobomoka, amelowa mpaka mifupa. Wanawake waliokuwa wanakwenda kufagia kanisa ndio waliomwona. Mapafu yakajaa, siku tisa hospitalini, basi.

"Ndugu zangu wanasema nilimwelekeza vibaya," Azucena alisema. "Wanasema sikumtajia Huembes. Na mama kwa homa ile hakusema la maana. Alisema tu kuwa mtu mwema alimshusha, akambebea na begi."

Akatoa picha mfukoni mwa aproni. Domitila aliitazama. Ilikuwa sura ileile, na kwenye mabega sweta ileile.

Alisema pole. Kisha akainywa kahawa mpaka chini, kwa sababu aliona kuwa akiibakiza itakuwa kama kusema jambo. Akarudisha kikombe, akawasha gari, na hakupita tena hapo.

Miaka ya mwanzo kuikwepa kona ile hakukuhitaji kitu zaidi ya kichwa chake. Shida ni kwamba kona ya Azucena iko kwenye njia ya mkato kati ya soko na hospitali kubwa, na pia kati ya soko na ofisi nyingi za serikali. Mtu anayesimamisha teksi karibu na Huembes, karibu kila mara njia yake inapita pale. Domitila alizunguka. Aliongeza dakika sita, wakati wa foleni dakika kumi na mbili, na abiria hawakusema kitu kwa kuwa dereva ndiye aliyejua.

Halafu zikaja simu zenye ramani. Abiria akawa anaketi nyuma na mstari wa bluu mkononi, anaufuata kwa jicho kama mtu anayesimamia mafundi. "Mama, simu inasema nyoosha," wanamwambia. Domitila akajibu mara nyingi kuwa simu haijazaliwa Managua, wakacheka, lakini hawakuridhika. Mwanamke mmoja mwenye mgonjwa alimwambia waziwazi kuwa anazungusha watu. Alikuwa sahihi, na hilo Domitila alilibeba siku nzima.

Akanunua simu yake, akaibandika kwenye dashibodi. Aliona kuwa watu wangeitii mashine hata pale wasipomtii mtu, kwa hiyo mashine lazima iseme anachotaka yeye. Haikusema. Ndani yake mlikuwa na sauti ya mwanamke asiye wa hapa, mwenye matamshi ya ng'ambo, mpole kama mhudumu wa benki, na kila asubuhi sauti ile ilimwambia ageuke kulia kuelekea kwa Azucena. Akinyoosha, ilinyamaza kidogo kama iliyokosewa heshima, kisha ikapanga njia mpya ya kumrudisha kona ileile kwa mlango wa nyuma. Aliipita barabara moja, ikachagua ya pili. Akaipita ya pili, ikamwambia ageuze gari.

Aliyemfundisha ni Filadelfo Mairena. Huyu alikuwa mpima ardhi kwa miaka thelathini, na alipostaafu akanunua teksi ili asikae nyumbani na mke wake. Madereva walimwita Mzee Futi. Walikuwa wanapumzika kwenye kituo cha mafuta kati ya saa nne na saa tano, wakati abiria ni wachache, na hapo Domitila akamuuliza, kana kwamba si jambo kubwa, mtu afanyeje ili ramani ifuate njia anayoipenda yeye.

"Unamkwepa nani, Bi Domi? Mume wa mtu?"

"Nakwepa mashimo."

"Barabara ile imewekwa lami juzi."

"Basi nakwepa lami."

Filadelfo alicheka mpaka akakohoa, lakini alimwonyesha. Mashine haikubali kuambiwa usipite hapa. Inakubali tu kuambiwa pita pale. Kwa hiyo unaidanganya. Kabla ya mahali unapokwenda, unaweka kituo cha katikati, mahali popote kwenye njia unayoitaka, nayo itaamini kuwa una shughuli hapo. Unaiwekea jina, unaihifadhi, kesho unaitumia tena.

Mara ya kwanza aliweka kituo kimoja. Mashine ikampeleka hapo kwa utii, ikamwambia amefika, halafu ikamgeuza ikamrudisha kona tatu hadi alipoona mwavuli wa Azucena kwa mbali. Akakanyaga breki katikati ya barabara, na nyuma yake watu wakapiga honi na kumtukania mama. Akaongeza kituo cha pili, kisha cha tatu, hadi mashine haikubakiwa na nafasi ya kurudi. Alivipa majina ya kwetu: palipokuwa na duka la Mlebanoni, palipokuwa na msalaba, palipokuwa na pampu. Tatizo likawa kwamba kila kituo sauti ilitangaza kwa furaha kuwa umefika. Siku moja karani wa mahakama, mwenye mafaili mapajani, alishuka kwenye palipokuwa na pampu, akafunga mlango, akatembea hatua kumi kabla ya kugundua kuwa mbele yake kuna ukuta na mbwa. Madereva walilisimulia hilo wiki nzima. Domitila alicheka pamoja nao. Usiku akalala akijua kwamba kwa mara nyingine amemshusha mtu mahali pasipo pake.

Baada ya hapo aliizima sauti, akaacha mstari peke yake. Mstari wa bluu ulikuwa wake sasa. Abiria walitazama simu zao, wakatazama ya kwake iliyokuwa kubwa zaidi mbele, wakaiamini iliyokuwa kubwa. Alitengeneza njia ya kwenda hospitali, ya kwenda wizarani, ya kwenda chuo kikuu, ya kwenda shuleni kwangu. Nilikuwa nimekaa nyuma ya bega lake mara nyingi mno nikaitazama ile njia inavyopinda kwa hiari yake bila sababu, na sikuuliza. Ningeweza kuuliza. Mtu anapofanya jambo lisilo na maana kila siku, kwa uangalifu, mara nyingi sisi tunaokaa karibu naye tunashukuru kwamba halituhusu.

Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mitatu. Domitila alianza kupata usingizi. Alijiambia kuwa Azucena ameshapoa, kuwa ndugu hugombana msibani na kupatana Krismasi.

Mwisho wa Oktoba, mwaka wa sita tangu yule bibi afe, simu ikaanza kuganda. Akampa Filadelfo aiangalie. Mzee aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, miwani kwenye ncha ya pua, akifuta vitu visivyohitajika, na njiani akakutana na njia zote ambazo Domitila alikuwa amehifadhi. Akazifungua moja baada ya nyingine. Kisha akaacha kufuta. Akachukua kalenda ya zamani ya gereji, akaigeuza, akaanza kuchora kwa penseli, kwa mkono wa kazi yake ya zamani. Domitila alikuwa anakula papai. Alipomaliza akaona kuwa mwenzake bado anachora.

"Njoo utazame," Filadelfo alisema. "Njia tisa. Zinaanzia mahali tofauti, zinaishia mahali tofauti, na zote zinapinda hapa. Ukizichora pamoja zinaacha shimo. Ndani ya shimo hili hakuna barabara mbovu wala majambazi. Kuna ukuta wa shule, kuna fundi viatu, na kuna Azucena."

Domitila aliweka chini ganda la papai.

"Alikukosea nini yule mama?"

"Hakunikosea."

"Basi nenda umwambie, maana yeye anadhani alikukosea. Aliwahi kuniuliza." Akaikunja kalenda. "Na ana mengine ya kubeba. Mwaka huu pia haendi makaburini. Kaka zake wamemtumia salamu kuwa aliyempoteza mama yao hana mkono wa kuupaka rangi msalaba wake. Mwaka wa sita huu, Bi Domi. Tarehe mbili watu wote wanafunga vibanda, yeye anapika."

Kwetu tarehe mbili Novemba hata asiyesali huenda makaburini. Anang'oa majani, anaupaka msalaba chokaa au bluu, anakula hapohapo na waliokufa. Kukatazwa kwenda ni kuambiwa huna watu.

Domitila aliomba simu yake. Aliketi kwenye gari, akaandika hospitali, na safari hii hakuweka kituo chochote. Mstari ukajichora mara moja, mfupi, ukipita pale ulipokuwa umetaka kupita siku zote.

Ilikuwa saa tano kasoro, wateja wa asubuhi wameondoka. Azucena alikuwa anasugua sufuria kwa jivu. Alinenepa kidogo, nywele zimeanza mvi upande mmoja. Alimwona akishuka, akajifuta mikono.

"Bi Domitila. Umepotea."

"Nimepotea, mama."

"Kahawa ipo."

"Usinimiminie kwanza."

Akamwambia yote akiwa amesimama, kwa maneno machache, kwa mpangilio, kwa sababu kwa miaka sita alikuwa ameyapanga bila kukusudia: kituo cha mabasi, begi, sweta, alichosema bibi na alichojibu yeye, kicheko cha nyuma, geti, mkono usiobisha. Hakusema kwamba alikuwa na haraka. Hakusema habari za baba yake mpaka alipoulizwa ni kwa nini.

Azucena aliendelea kusugua sufuria hadi ikawa safi, akaendelea tena.

"Alitaja Huembes?"

"Alitaja. Mara mbili."

"Mara mbili."

"Mara ya pili nikamcheka."

Azucena akaketi kwenye kreti la chupa. Mikono yake yenye jivu ilielekea juu kama ya mtu anayesubiri kupewa kitu.

"Basi nilimwambia," alisema. "Nilimwambia na akakumbuka. Unajua miaka yote hii nimejiuliza kama nilisema Huembes? Nikiosha vyombo najiuliza. Mwisho nikaamini kuwa sikusema. Nilikuwa nakumbuka kabisa jinsi ambavyo sikusema."

Domitila akaanza kuomba msamaha. Azucena akainua mkono mmoja wenye jivu kumzuia.

"Siku ile nilikuonyesha picha. Ukainywa kahawa yangu."

"Niliinywa."

"Ukaimaliza."

"Niliimaliza."

"Tarehe mbili utanipeleka kwa kaka zangu. Utasema haya haya mbele yao, usipunguze. Na njiani usinisemeshe."

Waliondoka alfajiri. Azucena aliketi nyuma, upande usioonekana kwenye kioo, na kwenye kiti cha mbele aliweka maua na ndoo ya chokaa. Hadi mji wa Sébaco simu iliongoza. Baada ya hapo, kwenye barabara za vumbi za milimani, mstari ulikatika, na mashine ikaonyesha gari lao likielea mahali peupe pasipo na kitu. Domitila alilazimika kusema, licha ya alivyoagizwa. Kila penye njia panda alisimama kabisa akauliza: kushoto kabla ya daraja au baada yake, kilima hiki au kile chenye mnara. Azucena alijibu kwa neno moja. Domitila akauliza tena hata pale alipokuwa ameelewa.

Kaka wawili, Leoncio na Toribio Zeledón, walikuwa wameshaanza kazi kaburini. Walipomwona dada yao wakasimama wima. Toribio alifungua kinywa, Azucena akasema kwanza wamsikilize huyu. Domitila alisema. Aliniambia kuwa milimani sauti haina mahali pa kujificha, na familia za makaburi ya jirani ziliacha kufagia ili zisikie. Alitaja Huembes, mara mbili. Alitaja ghala la barafu. Alipofika kwenye geti Toribio akatupa brashi, akatembea mpaka ukingo wa makaburi, akageuka akauliza kutoka kule, kwa sauti kubwa, alikuwa akilalaje. Domitila akasema alikuwa akizunguka. Hakuna aliyeelewa, na hakueleza.

Leoncio, mkubwa, alikuwa mtu wa polepole. Yeye aliuliza jambo moja.

"Ile sweta alikuwa ameivaa?"

"Hapana. Ilikuwa imekunjwa juu ya begi."

"Haikuwa inanyesha bado?"

"Bado. Mawingu tu."

Leoncio akatikisa kichwa taratibu, kama anayepokea kipimo. Kisha akainama, akaokota brashi iliyotupwa, akaipangusa majani kwenye suruali yake, akampa dada yake. Azucena akaichovya kwenye chokaa. Alianza kuupaka msalaba kutoka chini, na chokaa ikadondokea viatu vya Leoncio, naye hakuvisogeza.

Domitila hakuambiwa akae wala aondoke. Alingoja kando ya gari hadi jua likawa kali. Walisali, wakala, wakawagawia majirani tamale za mahindi, na sahani haikufika kwake, wala hakuitarajia. Mwishowe Azucena alikuja peke yake kuichukua ndoo, akamwambia kuwa yeye atakaa siku tatu na atarudi kwa basi.

"Nimesikia ulichosema," akaongeza. "Sijakusamehe. Nataka ujue kuwa ni mambo mawili."

Toribio aliandika barua kwa chama cha madereva. Chama kilimwita Domitila mwezi wa Januari. Wakamsomea, wakamuuliza kama ana la kusema. Filadelfo alikuwa amejiandaa kumtetea, alikuwa amevaa hadi tai. Domitila akasema kila kilichoandikwa ni kweli na hakuna kilichoongezwa. Baadhi ya wajumbe walitaka aonywe tu, kwa kuwa ni nani kati yao ambaye hajawahi kumshusha mtu penye jina sahihi na mahali pasipo sahihi. Mwenyekiti akauliza kama, kabla ya kuondoka pale getini, alikuwa na shaka. Akasema alikuwa nayo. Wakamwondolea kibali cha teksi.

Gari lilinunuliwa na dereva wa Tipitapa. Mwaka huu Domitila ametimiza miaka sitini. Anaishi Masaya, kwa dada yake, katika chumba kinachotazama uani, na haendeshi.